Bomba, Uzi wa Rangi, na Swali Lililochukua Miaka 128

Ukifungua koki ya maji kidogo tu, maji hushuka kama ufito wa kioo: yanang'aa, hayatikisiki, na mtu akiyatupia jicho kwa haraka anaweza kudhani yamesimama. Ukiifungua zaidi, ufito ule hupoteza ung'avu wake, hupata makunyanzi, kisha maji huanza kurukaruka na kupiga kelele. Nimeucheza mchezo huu mara nyingi kuliko inavyomstahili mtu mzima, nikijaribu kuipata ile nukta hasa ambapo utulivu unakwisha, na sijawahi kuipata. Kila mara huwa nimeshaipita au bado sijaifikia. Wataalamu watasema, na watakuwa na haki, kwamba maji yanayodondoka hewani yana mambo yake mengine, na kwamba mwenye kulitafuta jibu safi hana budi kutazama ndani ya bomba lenyewe. Na huko ndani ndiko nilikogundua kwamba swali langu la kitoto lilikuwa miongoni mwa maswali magumu ya fizikia, na kwamba jibu lake la kuridhisha lilipatikana mwaka 2011 tu.

Kabla ya kusoma habari zake niliamini kwamba maji huchafuka katika mwendo kama yanavyochemka jikoni: kuna kipimo fulani, ukikivuka hali moja inakoma na nyingine inaanza. Kitabu changu cha shule kilinipa hata namba ya kukariri, ingawa baadaye nilishangaa kukuta kitabu kimoja kinasema 2,000, kingine 2,300, na kingine kinataja masafa mapana kana kwamba mwandishi ameamua kujihami. Nilidhani ni uzembe wa waandishi, kumbe walikuwa wakiripoti kwa uaminifu tatizo ambalo hawakuweza kulitatua. Msukosuko ndani ya bomba hauanzi kama kuchemka. Unaanza kama ugonjwa unavyoanza katika mji, kwa wagonjwa wachache ambao ama watapona kabla ya kumwambukiza mtu, ama watawaambukiza wengine kabla hawajapona.

Mtu wa kwanza kulichunguza jambo hili kwa makini alikuwa Osborne Reynolds, profesa wa uhandisi mjini Manchester, Uingereza. Mwaka 1883 alichapisha matokeo ya jaribio ambalo uzuri wake uko katika urahisi wake. Alichukua tangi kubwa lenye kuta za kioo, akalijaza maji, akaliacha litulie kwa saa kadhaa. Ndani ya tangi aliweka bomba la kioo lenye urefu wa karibu mita moja na nusu, mdomo wake umepanuliwa kama tarumbeta ili maji yaingie bila kujikwaa. Katikati ya mdomo huo aliruhusu rangi ipenye polepole. Maji yalipokwenda taratibu, rangi ilinyooka kama uzi uliovutwa kutoka mwanzo wa bomba hadi mwisho. Alipoongeza mwendo, ghafla, mahali fulani mbali na mdomo, uzi ule ulikatika na rangi ikasambaa bombani kote. Kwa macho ilionekana kama wingu tu, lakini alipoimulika kwa cheche ya umeme, wingu lile lilijionyesha kuwa mizunguko midogo midogo ya maji iliyojipinda na kufumana.

Reynolds alitambua kwamba mwendo peke yake hauamui kitu. Linaloamua ni uwiano kati ya mambo mawili: nguvu inayoyasukuma maji yaendelee na safari yake, na mnato wa maji yenyewe, ambao huyavuta na kuyatuliza. Ukizidisha mwendo kwa kipenyo cha bomba kisha ukagawanya kwa kipimo cha mnato, unapata namba isiyo na mita wala sekunde ndani yake, ambayo leo inaitwa namba ya Reynolds. Faida yake ni kwamba bomba jembamba lenye mafuta na bomba pana lenye maji, zikilingana namba zao, mitiririko yake hufuata sheria ile ile. Kwa maji ya nyuzi joto 20 ndani ya bomba lenye kipenyo cha sentimita 2, mwendo wa sentimita 10 kwa sekunde, ambao hauzidi sana mwendo wa kobe, tayari unatoa namba 2,000. Hii ndiyo sababu mtiririko tulivu kabisa ni nadra kuliko tunavyofikiri, na sehemu kubwa ya maji yanayopita katika mabomba ya majumbani hupita yakiwa katika msukosuko.

Tatizo lilikuwa kwamba namba ya ukomo aliyoitafuta haikukaa mahali pamoja. Alipoyaacha maji yatulie vizuri, Reynolds aliweza kuuweka uzi wake wa rangi bila kukatika hadi namba ya karibu 13,000. Tangi likitikiswa kidogo, uzi ulikatika mapema zaidi. Kifaa chake bado kimehifadhiwa Manchester, na waliokitumia tena katika karne ya 20 hawakuweza kufika alikofika yeye, kwa sababu mitaa ya siku zake ilipitwa na farasi na leo inapitwa na magari makubwa yanayoitikisa ardhi hadi ndani ya maabara. Upande mwingine, mwaka 1961 mtafiti aitwaye Werner Pfenninger, kwa uangalifu uliopita kiasi, aliufikisha mtiririko tulivu hadi namba 100,000. Basi ukomo uko wapi, ikiwa kila anayejaribu kwa uangalifu zaidi anausogeza mbele?

Wanahisabati walikuwa na jibu lililozidisha fumbo. Milinganyo inayotawala mwendo wa vimiminika na gesi ilikwisha kuandikwa tangu karne ya 19, na Claude-Louis Navier wa Ufaransa mwaka 1822 na George Gabriel Stokes mwaka 1845, na hakuna anayetilia shaka kwamba inaeleza sawasawa kinachotokea bombani. Lakini ukiiuliza milinganyo hiyo, "Je, nikiutikisa mtiririko tulivu kwa mtikisiko mdogo kabisa, mtikisiko huo utakua?", kwa bomba la mviringo jibu ni hapana, kwa namba yoyote ya Reynolds ambayo imewahi kupimwa. Mtikisiko mdogo hufa. Kwa hiyo, kwa mujibu wa hesabu hii, maji ya bombani yangepaswa kubaki tulivu milele, na kila aliyewahi kufungua koki anajua kwamba hayabaki. Werner Heisenberg aliandika tasnifu yake ya udaktari mwaka 1923 juu ya uthabiti wa mitiririko, kisha akaenda kuibadilisha fizikia ya atomu, na mimi humwelewa kabisa kwa kuhama.

Njia ya kutoka kwenye fumbo hili ilikuwa ndani ya karatasi ya Reynolds mwenyewe. Aliandika kwamba karibu na ukomo, msukosuko haukulijaza bomba lote. Ulikuja kwa vipande, ukiwaka na kuzimika, na katikati yake maji yalikuwa matulivu. Hata alivichora vipande hivyo. Leo kila kipande kinajulikana vizuri: kina urefu wa takriban vipenyo 20 vya bomba, na husafiri kwa karibu mwendo ule ule wa wastani wa maji. Mimi nitakiita fundo, kwa sababu kwenye uzi wa rangi ndivyo kinavyoonekana.

Inafaa tulitazame fundo hili kwa karibu, maana si donge la maji yenye msukosuko linalosukumwa tu na yanayolifuata. Katika mtiririko tulivu, maji ya katikati ya bomba huenda mara mbili ya mwendo wa wastani, huku yale yanayogusa ukuta yakiwa hayaendi kabisa. Fundo linakwenda kwa mwendo wa wastani, kwa hiyo maji ya katikati yanalifikia kutoka nyuma, yanaingia ndani yake, yanasukwasukwa, kisha yanatokea mbele na polepole kurudi katika utulivu wake. Fundo linabaki lile lile ilhali maji yaliyomo yanabadilika, kama wimbi la baharini linavyosafiri bila kuchukua maji yake kwenda nayo. Na linakula: nguvu yake inatokana na ile tofauti kati ya maji ya kasi ya nyuma yake na maji yaliyopunguzwa kasi ndani yake. Likinyimwa chakula hicho, linakufa.

Sasa linakuja jambo ambalo liliponifikia mara ya kwanza nilisoma aya moja mara tatu. Katika miaka ya 2000, mwanafizikia Björn Hof na wenzake walianza kutengeneza mafundo kwa makusudi. Walichukua bomba refu la kioo lenye maji matulivu, wakapuliza maji kidogo kupitia tundu la pembeni, fundo likazaliwa, kisha wakangoja mwishoni mwa bomba kuona kama litafika. Kulitambua kulikuwa rahisi ajabu, kwa sababu fundo linapotoka, maji yanayomiminika mwishoni hubadilisha kidogo pembe yake. Walirudia hivyo maelfu ya mara, na wakagundua kwamba mafundo yanayofanana kabisa, yaliyozaliwa kwa namna ile ile, hayaishi muda ule ule. Moja hufa baada ya mita moja, jingine hufika mwisho. Zaidi ya hayo, fundo halizeeki. Lililokwisha kusafiri mbali lina uwezekano ule ule wa kufa katika sekunde inayofuata kama lililozaliwa sasa hivi. Ndivyo atomu za mionzi zinavyokufa pia, bila kuhesabu siku zake.

Kama mafundo hufa kwa bahati, swali la kwanza ni muda wao wa wastani wa kuishi unabadilikaje namba ya Reynolds ikiongezeka. Wengi walitarajia kwamba mahali fulani muda huo ungekuwa usio na mwisho, na hapo ndipo msukosuko wa kudumu ungeanzia. Vipimo vilikataa. Muda wa kuishi unaongezeka kwa kasi ya kutisha, lakini daima unabaki na kikomo. Katika makala ya mwaka 2006, kundi hilo lilitoa mfano ambao hausahauliki: kuungoja msukosuko ufe wenyewe ndani ya mpira wa kumwagilia bustani kungechukua takriban miaka 5, na mpira huo ungepaswa kuwa na urefu wa kilomita 40,000, yaani kuizunguka dunia. Kwa matumizi ya kawaida huo ni umilele, ila kwa mwanafizikia si umilele hata kidogo, na kwa miaka michache wapo walioanza kujiuliza kama msukosuko wa bombani una uhai wa kudumu popote.

Kilichokuwa kimesahaulika katika hesabu ni uzazi. Fundo linaweza pia kugawanyika: kipande kinajitenga mbele yake, kinapata nafasi ya maji matulivu ya kutosha, na kinakuwa fundo kamili. Kugawanyika nako ni bahati nasibu isiyo na kumbukumbu, na muda wa wastani wa kungoja mgawanyiko unapungua kadiri namba ya Reynolds inavyopanda. Kwa hiyo kuna mistari miwili, mmoja wa kifo unaopanda na mmoja wa uzazi unaoshuka, na lazima ikutane. Mwaka 2011, katika jarida la Science, Kerstin Avila, Hof na wenzao wengine walitangaza walipoikuta ikikutana: namba 2,040, ikiwa na wasiwasi wa kama 10 hivi juu au chini. Chini ya hapo mafundo hufa kabla ya kuzaa, na msukosuko, hata uchukue muda gani, utatoweka. Juu ya hapo huzaa kabla ya kufa, na msukosuko kwa ujumla wake haukomi tena, ingawa kila fundo moja moja bado ni la kufa.

Hapo ndipo jaribio linapostahili heshima yake. Mahali mistari ile inapokutana, mambo yote mawili ni adimu mno: kwa wastani fundo lingepaswa kusafiri mamilioni ya vipenyo vya bomba kabla ya kufa au kuzaa. Kwa bomba lenye kipenyo cha milimita 4, kama walilotumia, hiyo ni safari ya makumi ya kilomita. Bomba lao lilikuwa na mita 15. Waliwezaje? Kwa sababu fundo halizeeki, si lazima kulifuata fundo moja maisha yake yote. Inatosha kuyatazama mafundo mengi sana kwa kipande kifupi cha maisha yao, na kuhesabu ni mangapi yamegawanyika. Hesabu hiyo inadai joto la maji na mwendo wake vidhibitiwe kwa uthabiti mkubwa, kwa siku nyingi mfululizo, maana mnato wa maji hubadilika joto likibadilika, na mnato ukibadilika namba yenyewe inahama. Tangu Reynolds hadi siku ile ilikuwa imepita miaka 128.

Namba 2,040 haipingani na 13,000 ya Reynolds wala 100,000 ya Pfenninger, na nadhani hapa ndipo vitabu vingi vilipotuchanganya. Wao waliuliza ni hadi wapi utulivu unaweza kulindwa usiguswe, na swali hilo linategemea uangalifu wa mtu, farasi na magari. Hof na wenzake waliuliza ni kuanzia wapi msukosuko, ukishaingia, unaweza kujiendeleza, na swali hilo halitegemei mtu. Mji unaweza kukaa bila mgonjwa hata mmoja kwa sababu tu hakuna aliyeingia na ugonjwa, na hilo halituambii lolote kuhusu kama ugonjwa ungeenea.

Mfano wa ugonjwa si pambo langu. Wanafizikia wa takwimu walikwisha kuwa na nadharia ya vitu vinavyoenea kwa jirani au kufa kabla ya kuenea, iwe moto wa msituni au maambukizi, na nadharia hiyo inatabiri kwa namba hasa jinsi mambo yanavyokwenda karibu na ukomo. Mwaka 2016 makundi mawili yalichapisha vipimo vyake katika jarida la Nature Physics. Moja, ambalo Hof alikuwamo, lilitumia kimiminika kilichobanwa kati ya mitungi miwili, mmoja ndani ya mwingine. Jingine, la Masaki Sano na Keiichi Tamai wa Tokyo, lilitumia mfereji mpana wenye kina kifupi. Yote mawili yalikuta namba za nadharia ile. Mwaka huo huo Nigel Goldenfeld na wenzake walionyesha kwa mahesabu ya kompyuta kwamba uhusiano wa msukosuko na mikondo mikubwa inayozaliwa nao unafanana na ule wa wanyama wawindaji na mawindo yao. Bomba lenyewe lilikuwa kaidi zaidi, kwa sababu mafundo yakiwa mengi huzuiana kama magari kwenye foleni, kila moja likimnyima wa mbele yake maji matulivu, na foleni hiyo inaificha sheria ya msingi. Mimi binafsi nafurahishwa na jambo hili kuliko yote: Dwight Barkley ameeleza fundo kwa milinganyo inayofanana na ile ya mshipa wa fahamu, ambao ukishapitisha ishara unahitaji kupumzika kidogo kabla ya kupitisha nyingine.

Kutokana na hiyo njaa ya mafundo yakapatikana matumizi. Ikiwa fundo hula tofauti ya mwendo kati ya katikati na kando, basi ukiisawazisha tofauti hiyo utaliua. Mwaka 2018 Jakob Kühnen, Hof na wenzao walifanya jambo linaloonekana kuwa kichaa: walichukua mtiririko uliokwisha kuchafuka, wakauchafua zaidi kwa panga nne zinazozunguka ndani ya bomba. Mara baada ya panga hizo maji yalikuwa na vurugu kuliko mwanzo, lakini mwendo wake ulikuwa umesawazika kutoka katikati hadi karibu na ukuta, na msukosuko, ukiwa hauna cha kula, ukafa. Mbele zaidi maji yakawa matulivu kabisa. Hilo si jambo dogo, kwa kuwa katika mtiririko tulivu msukumo unaohitajika hupanda sambamba na mwendo, ilhali katika msukosuko ukiongeza mwendo mara mbili utahitaji msukumo mara tatu hadi nne.

Hatua iliyofuata ilitoka kwenye mwili wetu. Damu katika mshipa mkuu unaotoka moyoni hufikia, mapigo yakiwa kileleni, namba za Reynolds zinazopita 2,040, na hata hivyo kwa mtu mzima wa afya haivurugiki kwa kiwango ambacho mtu angetarajia. Moyo hausukumi kwa mwendo mmoja. Huongeza kasi ghafla, hupunguza, kisha hupumzika. Mwaka 2023, katika jarida la Nature, Davide Scarselli, Hof na wenzao waliripoti kwamba waliiiga tabia hiyo kwa maji bombani. Mapigo ya kawaida, ya kupanda na kushuka bila mapumziko, hayakusaidia sana. Walipotia kipindi cha mapumziko kati ya pigo na pigo, kama moyo, msuguano wa wastani ulipungua kwa asilimia 27, na hata baada ya kuhesabu nguvu inayotumika kuyaharakisha maji kila pigo, walibaki wameokoa asilimia 9.

Ugumu uliobaki ni wa kihandisi zaidi kuliko wa kifizikia. Bomba la maabara ni fupi na maji yake ni mepesi kuyaharakisha. Bomba refu la mafuta au maji ya mji lina uzito mkubwa ndani yake, na pampu zake zimejengwa kwa miongo mingi zikikusudiwa kusukuma kwa mwendo mmoja usiobadilika.